Mshale wa kwanza wa siku

Haya niliyaongea Jumamosi ya mwisho wa Agosti kwenye ukumbi tunaokutania hapa Kentwood, Michigan. Waliokuwa kazini wameniomba niyaandike, basi nimeyaandika karibu vilevile yalivyotoka mdomoni, nimeongeza tu machache niliyoulizwa baadaye nje tukinywa chai.

Wazee wangu shikamooni. Kaka zangu, dada zangu, poleni na shifti za wiki nzima, assalaam aleikum, Bwana asifiwe, na ndugu zetu wa Fizi na Uvira jambo sana, nawaona mmejazana huko nyuma, sogeeni mbele viti vipo. Nimeombwa niongelee kuwinda kulungu, hawa tunaowaita dia, kwa upinde kwenye ardhi ya umma maana msimu unafunguliwa tarehe 1 Oktoba, imebaki kama mwezi mmoja, na humu ndani kuna watu wameshanunua upinde uko kwenye boksi chini ya kitanda wanasubiri tarehe ifike. Mi leo nina neno moja tu na yote ntakayosema yanazunguka hapohapo: haki ya kuingia msituni unayo tayari, lakini haki ya kuachia mshale lazima uitafute mwenyewe, na muda wa kuitafuta ni sasa hivi, siyo Oktoba.

Naanza na hiyo ya kuingia kwa sababu najua ndo inayotusumbua zaidi.

Sisi wengi tumekulia sehemu ambazo msitu una mwenyewe. Kwetu mimi ni Sikonge, Tabora. Babu yangu alikuwa na upinde na podo la ngozi na mishale kama kumi na mbili hivi, chembe zake zilifuliwa na mhunzi wa palepale kijijini, alikuwa anavitundika ukutani juu ya mtungi wa maji. Sijawahi kumuona anautumia ule upinde hata siku moja. Mi napata akili tayari mambo yamebadilika, ukikutwa porini na upinde wewe ni jangili na unakwenda ndani, kwa hiyo ukabaki pale ukutani mpaka upote ukatafunwa na panya, na babu hakuuweka mwingine. Jirani zetu wa Kenya ndo kabisa, kule uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977. Na nyie mliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu hamhitaji kuhadithiwa na mimi, mama anatoka kutafuta kuni anarudi anahema, kila kichaka alikihesabu kama mtu. Sasa mtu aliyekaa na hofu ya namna hiyo miaka kumi na tano, ishirini, ukimwambia kuna msitu hapo mbele mwendo wa nusu saa kwa gari, ingia tu na upinde wako, si ataona unamtega?

Mi mwenyewe mara ya kwanza nilipelekwa na mzee mmoja wa hapahapa tuliyekuwa tunafanya naye kazi kiwandani. Tulikwenda upande wa Newaygo, ndani ya msitu wa Manistee. Kutwa nzima nimekaa chini ya msonobari kazi yangu kusikiliza barabara, nasubiri mtu mwenye yunifomu aje atuulize nani katupa ruhusa. Hakuja mtu. Jioni tunatoka, kwenye maegesho kweli tukamkuta afisa wa maliasili, jamani miguu iliisha nguvu. Akaomba leseni zetu, akaziangalia, akauliza tumeona nini leo, akatutakia jioni njema akapanda gari lake akaenda zake. Usiku ule nililala nikimuwaza babu.

Mjue basi hiyo ardhi imekuwaje ya umma, maana ukijua hutaingia ukinyata kama mwizi. Miaka ya nyuma huko, karne ya 19, huu upande wote wa kaskazini ulikuwa misonobari mikubwa, makampuni ya mbao yakaja yakakata yakakata mpaka ikaisha, matawi yakabaki chini yakakauka, moto ukapita. Wakauziwa wakulima. Ardhi yenyewe mchanga mtupu, mazao hayakutoka, wakulima wakashindwa kodi wakaondoka, na jimbo likabaki na maelfu kwa maelfu ya ekari zisizotakiwa na mtu. Hapo ndo zilipozaliwa misitu ya jimbo, leo ni karibu ekari milioni 4. Msitu wa taifa wa Manistee ukatangazwa 1938, na vijana waliokosa ajira ule wakati wa hali ngumu ya miaka ya 1930 walilipwa kupanda miti kwa mikono, ndo maana mahali pengine utaona misonobari imejipanga mistari kama mahindi. Ukiunganisha Huron na Manistee ni karibu ekari milioni 1. Na huku kusini karibu na sisi kuna Allegan, eneo la wanyama la jimbo lenye ekari zaidi ya 50,000, kuna Rogue River pale juu ya Sparta, kuna Barry, kuna Flat River. Kote huko mwenye leseni anaingia.

Na kabla ya mbao na kabla ya jimbo, hii ilikuwa ardhi ya Waodawa na Waojibwe. Mto huu wa Grand unaokatiza Grand Rapids hapo jirani ulikuwa mpaka, kwenye mkataba wa 1836 uliosainiwa Washington waliitoa ardhi ya kaskazini ya mto lakini wakabakiza haki ya kuwinda humo, na hata sasa makabila hayo yanaitumia haki ile kwa kanuni zao wenyewe. Mi huwa nalikumbuka hilo nikiwa nimekaa mtini alfajiri, kwamba upinde hapa siyo kitu kigeni, wageni ni sisi tuliokuja juzi. Jimbo lenyewe lilifungua msimu wa upinde peke yake 1937, na mmoja wa waliousemea sana uwindaji huu ni Fred Bear, ambaye 1947 alihamishia kazi yake ya kutengeneza pinde Grayling, hapohapo Michigan.

Kitu kingine msichoambiwa dukani. Ukinunua upinde, ndani ya bei kuna kodi ya serikali kuu ya asilimia 11, sheria yenyewe ni ya 1937 ilianza na bunduki na risasi, pinde zikaongezwa miaka ya 1970, na ile pesa inarudi majimboni kwa ajili ya wanyama na maeneo yao. Na pesa ya leseni hivohivo. Kwa hiyo yule aliyenunua upinde uko chini ya kitanda ameshachangia. Akiingia Allegan anaingia kwake.

Sawa. Kuingia tumemaliza. Sasa naingia kwenye sehemu ambayo mi mwenyewe kuisema inanipa shida.

Msimu wangu wa pili, mwisho wa Oktoba, niko Allegan. Nilikuwa nimefanya mazoezi wiki moja tu, jioni baada ya kazi, yadi 20, nimesimama nimevaa fulana, nikichoma pale katikati najisifu. Saa kumi na mbili jioni akatoka jike mmoja mkubwa kwenye mstari wa miti, akasimama kama yadi 32, amenigeukia kidogo kwa mbele, bega linaziba mapafu. Nilijua haijakaa vizuri. Nikaachia. Mshale ukaingia nyuma sana. Hakuruka, hakukimbia kwa nguvu, alikunja mgongo kama mtu mwenye tumbo linalomuuma akaondoka taratibu, na mwindaji yeyote anayejua akiona ule mgongo anatakiwa kukaa chini na kusubiri masaa nane mpaka kumi na mbili, asiguse kitu. Mimi nilisubiri dakika kumi nikashuka na tochi. Nikamkurupusha alipokuwa amelala. Nikamkurupusha tena. Damu ilikuwa tone hapa tone pale, ina maji ya kijani na harufu, alafu ikaisha kabisa, na mbele yangu bango: mpaka, ardhi ya mtu binafsi. Sheria ya hapa hairuhusu kuvuka hata kama mnyama wako kaanguka unamuona, mpaka mwenye ardhi akubali. Usiku ule sikupata mtu wa kumgongea. Asubuhi mwenye shamba akaniruhusu, mtu mwema tu, tukamkuta mchana kwenye majani marefu, kayoti, mbwa mwitu wa huku, wameshafika, nyama imeharibika.

Nilikaa pale chini muda mrefu. Yule mnyama aliteseka usiku mzima kwa sababu mi nilikuwa na haraka na sikujiandaa, hakuna sababu nyingine. Ndo maana leo nimesimama hapa.

Sasa mazoezi. Nataka kuanzia kesho kila mwenye upinde atoke nje asubuhi kabla ya kitu chochote, kabla ya chai, mwili bado wa baridi, apige mshale mmoja. Mmoja tu. Alafu aandike kwenye simu umekwenda wapi. Baada ya hapo piga mingine yote unayotaka, lakini hiyo mingine ni ya kujenga misuli, haihesabiki, kwa sababu msituni hakuna mshale wa kupasha mwili joto. Umekaa saa nne kwenye baridi, vidole vimekufa ganzi, moyo unagonga mpaka unausikia masikioni, na unapewa mshale mmoja. Ukiweka rekodi ya mshale wa kwanza wa siku kwa siku thelathini utajua ukweli wako. Kama yadi 20 umepatia siku 28 kati ya 30 na yadi 30 umepatia 17, basi wewe ni mtu wa yadi 20, na dume akisimama yadi 30 wewe unamtazama tu na kumshukuru Mungu kwa kukuonyesha. Mi mpaka leo mwisho wangu ni 25. Watu wananiambia upinde wako kompaundi, huu wa magurudumu, unafika 50 bila shida. Upinde unafika, mimi sifiki.

Na uzito wa kuvuta, vijana nawaomba sana. Kuna mtu humu kaweka paundi 70 kwa sababu rafiki yake ana 70. Kaa kwenye kiti, nyoosha mikono mbele, vuta upinde moja kwa moja bila kuuinua juu kuelekea mbinguni. Ukishindwa, punguza. Mnyama anaona ile kuinua. Paundi 45 au 50 zenye chembe kali kama wembe zinapita mbavu za hawa dia vizuri kabisa, kwa sababu mshale wetu hauna sumu kama wa wazee na hauna kishindo kama risasi, mshale unaua kwa kukata, damu inatoka ndani na nje basi. Chembe butu ni dhambi. Na zile chembe za mazoezi zenye ncha ya duara haziruki sawa na za kuwindia, kwa hiyo wiki hizi za mwisho lazima upige na zile zilezile utakazokwenda nazo, la sivyo utashangaa mshale unakwenda inchi nne kushoto siku ambayo hutakiwi kushangaa. Piga umevaa jaketi lako la Novemba, uone kama upote haukamati mkono wa jaketi. Piga umekaa. Piga kutoka juu kama una mahali salama pa juu. Ila uliza kwanza mji wako unaruhusu upinde nyuma ya nyumba au la, miji mingine hairuhusu, viwanja vya shabaha vipo. Na wazee wenye mabega ya kiwandani ambao kuvuta hawawezi tena, krosibou, ule upinde wa kufyatua kama bunduki, inaruhusiwa, msijinyime.

Pa kupiga ni pale nyuma tu ya bega, theluthi ya chini ya kifua, mnyama akiwa ubavu kabisa au amekugeukia mgongo kidogo ili mshale uingie ukielekea bega la upande wa pili. Unatafuta mapafu mawili. Akikutazama uso kwa uso, usipige, akiwa amekupa mgongo, usipige, akiwa anatembea haraka, usipige. Kuacha ni sehemu ya kuwinda kama kula ilivyo sehemu ya kupika.

Mazoezi ni nusu. Nusu nyingine ni kuujua msitu, na kwenye ardhi ya umma hapo ndo kazi ilipo, kwa sababu hauko peke yako. Wengi wanapaki gari wanatembea dakika tano wanakaa. Wanyama wanalijua hilo kuliko sisi. Fungua ramani ya bure ya jimbo, Mi-HUNT, angalia sehemu ambayo ili ufike lazima uvuke kinamasi au kijito, au kona ndogo mbaya ambayo mtu akiiona kwenye ramani anaipita. Wakati mwingine ni mbali, wakati mwingine ni yadi mia moja tu kutoka barabarani upande ambao hakuna maegesho. Vaa buti la mpira, ingia. Mwezi huu utafute mialoni inayoangusha njugu. Mwaloni mweupe ndo wanaoupenda zaidi maana njugu zake hazina ukakasi kama za mwekundu, majani yake yana ncha za mviringo na mwekundu ncha zake kali, hata mtoto anaweza kutofautisha. Ukikuta maganda yaliyopasuliwa na mavi ya duara kama maharage meusi, bado yanang'aa, hapo mahali ni pa leo, siyo pa mwaka jana. Kuanzia Septemba madume yanasugua pembe kwenye miti midogo, utaona gome limechunwa mpaka nyama ya mti, na Oktoba ikisogea wanachimba chini kwa kwato na kukojolea. Kilele cha wao kupandana ni mwanzo mpaka katikati ya Novemba, dume mwenye akili kipindi hicho akili inamtoka anatembea mchana, kwa hiyo kama bosi anakupa likizo ya siku tatu tu, ichukue hapo, kabla ya tarehe 15 Novemba maana siku hiyo bunduki zinaanza na msitu unabadilika kabisa.

Upepo. Hapa naomba msinichoke. Macho yake unaweza kuyakwepa, masikio utayavumilia, pua hapana. Mi nabeba mfukoni ganda la mmea mmoja unaota kando ya barabara huku, ndani una nyuzi nyeupe laini kama sufi ya mto wa kulalia, ule ambao vipepeo vya rangi ya chungwa wanautagia. Unatoa uzi mmoja unauachia. Usiangalie unaanzia wapi, angalia unakwenda wapi. Siku moja nimeachia uzi ukaenda mbele yangu kama hatua ishirini vizuri kabisa, alafu ukafika juu ya kibonde ukashuka, ukazunguka, ukarudi chini ya mti wangu kama unaniamkia. Nikaelewa kwa nini wiki nzima pale majike walikuwa wanapiga chafya na kukimbia kabla sijawaona. Jioni hewa inapopoa inateremka mabondeni kama maji, asubuhi jua likipata nguvu inapanda. Kwa hiyo jioni usikae juu ya wanapopita, harufu yako itawamwagikia.

Kanuni ntazipitia haraka kwa sababu kitabu chenyewe kipo bure na kila mwaka kinabadilika kidogo, someni cha mwaka huu. Unahitaji leseni ya msingi alafu ya kulungu. Aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 1960 lazima awe na cheti cha usalama wa uwindaji, au achukue leseni ya mwanafunzi na aende na mtu mzima mwenye leseni kamili. Saa za kuwinda ni nusu saa kabla ya jua kuchomoza mpaka nusu saa baada ya kuzama. Chambo, yani kumwaga mahindi au karoti, huku kwetu rasi ya chini ya Michigan kumekatazwa tangu 2019 kwa sababu ya ugonjwa, msidanganywe na magunia mnayoyaona yanauzwa kwenye vituo vya mafuta. Ukiua, tegi, yani ile lebo ya leseni yako, inafungwa kwa mnyama hapohapo kabla ya kumhamisha, na ndani ya saa 72 unaripoti mtandaoni. Stendi yako, kile kiti cha kukalia mtini, kwenye ardhi ya umma iwe na jina na anwani yako na isifungwe kwa misumari wala skrubu, na kuiweka stendi hakukupi umiliki wa ule mti, ukikuta mtu kakaa eneo lile alfajiri umechelewa, msalimie kwa tochi rudi nyuma kimya. Tusigombane na watu msituni.

Ila kwenye stendi nabaki kidogo. Hanesi. Siyo mkanda wa kiunoni, hanesi ya mwili mzima, ile mikanda ya kukushika usianguke, na kamba ya usalama unajifunga mguu ukiwa bado chini na unajifungua ukishafika chini. Upinde haupandi nao, unaufunga kamba unauvuta ukishakaa. Wawindaji wa huku wanaumizwa zaidi na kuanguka mtini kuliko na mnyama yeyote. Sisi humu ni watu tunaotuma pesa nyumbani, mtu mmoja akivunjika mgongo pale Allegan kuna ada za shule zinasimama Kigoma. Kama huna hanesi, kaa chini kwenye mizizi ya mti, dia wengi wamepatikana kutoka chini.

Huo ugonjwa nilioutaja unaitwa CWD, unakula ubongo wa kulungu, kwenye wanyama wa porini hapa Michigan ulionekana mara ya kwanza 2015 na umeshapatikana Montcalm, Ionia na Kent yetu hii hii. Hauuawi kwa kuchemsha. Haijathibitika kumpata binadamu lakini ushauri ni kwamba mnyama aliyekutwa nao asiliwe, kwa hiyo peleka kichwa kupimwa, weka nyama kwenye friza na alama, subiri majibu alafu ndo ugawe. Najua kwetu kichwa ni supu. Huku supu ya kichwa cha dia tuiache, ubongo na uti wa mgongo pia.

Nje wakati wa chai ndugu wawili Waislamu waliniuliza kuhusu uhalali na ni swali zuri sana. Niliyofundishwa ni kwamba unamtaja Mwenyezi Mungu unapoachia mshale, na mshale ukichoma kwa makali yake mnyama akafa ni halali, ukimpiga kwa ubapa akafa kwa kishindo si halali, na ukimfikia bado yu hai basi unamchinja. Na imepokewa kwamba akikupotea ukamkuta siku ya pili na hana alama nyingine isipokuwa ya mshale wako unakula, ila ukimkuta kazama majini huli. Zaidi ya hapo muulizeni sheikh wenu, mi si mwanachuoni. Lakini tazameni jinsi maneno yale yanavyomtaka mtu awe na uhakika na mshale wake.

Basi umeachia. Kaa. Tazama alipokuwa amesimama, chagua mti mmoja usiusahau, sikiliza amekimbilia wapi. Subiri nusu saa hata kama umemuona anaanguka. Shuka ukautazame mshale. Damu nyekundu ya kung'aa yenye povu dogo dogo ni mapafu, fuata taratibu, hatakuwa mbali. Damu nzito nyeusi nyeusi ni ini, mpe saa nne tano. Ukiona kijani au kunusa harufu ya tumbo, rudi nyumbani, amka na asubuhi. Unapofuata usikanyage juu ya damu, tembea pembeni, weka kipande cha karatasi ya chooni kila unapoona tone, mvua itakiyeyusha, na ukipotea geuka nyuma tazama ule mstari mweupe utakuonyesha alikuwa anaelekea wapi. Mbwa wa kufuata damu anaruhusiwa akiwa amefungwa kamba, na wenye mbwa hao wanajitolea, mpigie mtu usiku huohuo usione aibu. Msimu uliopita kijana wetu mmoja alinipigia saa tatu usiku, akaniambia mjomba nimepiga nyuma, nimekaa kwenye gari sijagusa kitu. Nikamwambia lala. Saa moja asubuhi tulimkuta yule jike hatua mia moja na thelathini kutoka kwenye mti, amelala palepale alipolala mara ya kwanza, baridi ya usiku imeitunza nyama. Kijana alilia. Mi nilikwenda kusimama pembeni kidogo nikamuacha.

Nyama yake haina mafuta, msiikaange mpaka ikawa kiatu. Yale mafuta meupe ya nje yatoeni yote yanaganda mdomoni. Paja kwa pilau, shingo mchuzi wa nazi wa saa tatu moto mdogo, na mishikaki ile nyama laini ya mgongoni usiku uleule. Kuuza ni kosa kisheria. Kugawa ruksa, na mtu mmoja hawezi kumaliza dia peke yake, sote humu tuna majirani.

Jumamosi ijayo tunakwenda Allegan kutembea na kuangalia tu, bila upinde, yeyote anakaribishwa hata ambaye hajaamua. Tunaondoka hapa saa kumi na moja alfajiri. Njoo na buti, maji na suruali ya kuchomeka kwenye soksi kwa sababu ya kupe, kupe wa huku wana ugonjwa wao. Usipake manukato. Nina upinde mmoja wa ziada wa paundi 40, anayetaka kujaribu mshale wake wa kwanza aje nyumbani Jumapili asubuhi kabla hajanywa chai. Na mwenye gari lenye nafasi aniambie, mpaka sasa nina watu saba hawana usafiri.